Kisogo cha Baba

Sendai, 4 Desemba 2023

Tomoka,

Sikuulizi hali. Najua u mzima, nimekuona kwenye televisheni umevaa koti jekundu, unapokea maua. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu nimekufungia tangu Jumapili, na sina nia ya kukufungulia.

Sehemu ya tisa ya anime yenu, katuni ya televisheni mliyoitoa kwenye kitabu changu, nimeitazama. Nimeitazama mara tatu, maana mara ya kwanza nilidhani macho yangu ndiyo yana kasoro.

Ngoja nikukumbushe kitabu changu cha michoro, inaonekana umekisahau. Juzuu ya pili, ukurasa wa 142 hadi 149. Kohane ana miaka tisa. Baba yake alimwahidi kwamba mwaka huu hatakwenda mjini kufanya kibarua cha majira ya baridi, na sasa anakwenda. Kohane na mama yake wanamsindikiza kituoni, lakini mtoto hasemi neno, amenuna. Baba anapanda basi, anakwenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Basi linaondoka. Kurasa nane, hakuna hata herufi moja. Kinachoonekana ni kisogo cha baba kwenye kioo cha nyuma, kinazidi kuwa kidogo, kinazidi kuwa kidogo, na hakigeuki. Februari anafia kazini, na ile ndiyo mara ya mwisho mtoto kumwona.

Kwako wewe basi linasimama. Mlango unafunguka, baba anashuka anakimbia, mtoto anakimbia, wanakumbatiana katikati ya barabara, vinanda vinalia, na theluji inashuka polepole kama iliyolipwa posho.

Ulijua yule baba ni nani. Katika watu wote mia mbili waliotengeneza anime ile, ni wewe peke yako uliyejua. Miaka minne tulikaa chumba kimoja, tukila tambi za sufuria moja, na ni wewe uliyenisikia nikimwita usingizini. Mhariri wangu aliponiambia sehemu ya tisa imepewa mwongozaji Tomoka Hirabayashi, unajua nilimjibu nini? "Hiyo iacheni, iko kwa dada yangu." Nilisema dada.

Watu wameipenda, sihitaji kuambiwa. Juzi kwenye duka la vitabu binti mmoja ameniletea juzuu ya pili nimtilie saini. Akanifungulia ukurasa wa 149, akaniambia kwa adabu kabisa, "Mwalimu, ile ya kukumbatiana nimeitafuta humu sikuiona. Au changu kimechanwa?"

Nikatia saini.

Lakini hilo ningelimeza. Lililonikwama ni mama. Alinipigia Jumatatu iliyopita asubuhi, na wewe unajua mama hapigi simu, sikio lake moja halisikii tena. Akasema, "Nimelia, mwanangu. Nimelia mpaka Bwana Genzo jirani akaja kuuliza nani kafa."

Kitabu changu nilimpelekea kwa mkono wangu siku kilipotoka. Alikisoma chote akiwa ameketi wima, akakifunga, akakipitishia kitambaa juu, akasema, "Karatasi nzuri."

Miaka kumi na mmoja nimesubiri machozi yale, Tomoka. Wewe umeyapata kwa dakika mbili.

Orie Kamada


Tokyo, 9 Desemba 2023

Orie, bibie,

Kwanza koti lile si jekundu, ni la zambarau. Nunua televisheni mpya.

Tungekuwa bado na miaka ishirini ningekuandikia "mwenye wivu ajinyonge," ungenirushia kifutio, yangeisha. Naona sasa huchezi, kwa hiyo nitakujibu kama mtu mzima.

Kitabu msomaji anakifunua kwa mkono wake. Akitaka kukaa na kisogo cha baba nusu saa, atakaa. Mimi nimepewa dakika mbili na sekunde kumi, na mtazamaji wangu ana bakuli mkononi na mtoto anayelilia choo. Nikimwonyesha kisogo bila sauti kwa dakika mbili atadhani king'amuzi kimeharibika. Mtayarishaji aliniambia, "Wape watu kitu cha kushika." Nikawapa.

Pili, michoro yote ya mpangilio wa sehemu ile ilipita kwa mhariri wako ikaja kwako. Ilirudi na muhuri wako. Muhuri wako, Orie, wino mwekundu, umekaa sawasawa bila kupinda. Najua sasa kwamba hukufungua bahasha. Lakini kosa la kutofungua bahasha si langu.

Tatu, hili silisemi kwa ugomvi. Unakumbuka tulipoingia wote wawili kwenye shindano la wachoraji chipukizi? Jina lako likatoka, langu halikutoka. Nikapika wali wa sherehe wenye kunde nyekundu, nikaalika watu, nikaosha vyombo. Baada ya hapo sikushika kalamu miezi saba. Nilikuwa nakwambia nina homa. Miezi saba ya homa, na hukuwahi kuuliza ni homa gani hii. Leo mimi nimepewa shada moja la maua, la kwanza maishani mwangu, na barua yako imekwisha kufika.

Basi yaishe. Kunywa chai. Mama anasema figili zake za kukausha kwa moshi mwaka huu zimekuwa chungu kidogo, kuni za mcheri zilikuwa mbichi. Mimi nimeziona tamu tu, nimemaliza pakiti nzima nikiwa nimesimama.

Tomoka


Sendai, 13 Desemba 2023

Figili gani?

Nimesoma mstari ule mara nyingi kuliko nilivyotazama sehemu yako ya tisa. Mama anasema. Mama yupi anakwambia habari za kuni zake? Mimi mwaka huu sijaletewa figili.

Nimempigia. Nakuandikia mazungumzo yetu kama yalivyokuwa, ujionee.

"Mama, Tomoka amekuja kwako?"

"Eeh. Mara tatu."

"Mara tatu!"

"Ya kwanza ilikuwa mwaka jana, alikuja na vijana wawili wa kupiga picha, wakapiga barabara na kituo cha basi. Mwezi wa tano mwaka huu alikuja peke yake, tukapanda miche ya mpunga. Hajui kupanda, lakini anacheka vizuri. Na vuli alikuja kunisaidia kuning'iniza figili darini."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Na wewe unakuja Mwaka Mpya, unakaa siku mbili, unaongea na simu yako."

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Mambo."

"Mambo gani? Ulimwambia habari za baba?"

Nikasikia birika linachemka nyuma yake. Halafu akasema, "Sikio linaniuma," akakata.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani umeniibia kurasa nane, kumbe ulianzia mbali zaidi, ukaingia mpaka jikoni kwetu, ukavaa aproni. Wewe mama yako yuko Chiba, yuko hai, ana meno yake yote na anacheza dansi kila Alhamisi. Mwache wa kwangu. Baba nilikuwa naye miaka tisa tu, huyu ndiye niliyebakiwa naye, na hata huyu umeona umgawane nami?

Sema alikwambia nini. Usinijibu habari za makoti.

Orie


Tokyo, 17 Desemba 2023

Orie,

Siwezi kusema. Nilimwahidi nikiwa nimekaa sakafuni kwake, na mtu akishakupa neno lake huku anakumenyea pera, huligawi kwa barua.

Ila nakupa kitu kimoja. Usimuulize "Ulimwambia Tomoka nini?" Hatakujibu. Muulize swali nililomuuliza mimi. Ni fupi. Muulize yeye mwenyewe alifanya nini siku ile basi lilipoondoka.

Tomoka


Sendai, 19 Desemba 2023

Mama,

Natumaini mgongo umepoa na kwamba huparui theluji mwenyewe. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu ya sikio lako, na kwa sababu kwenye simu tungegombana.

Siku ile baba alipoondoka. Basi lilipokwisha kuondoka, wewe ulifanya nini?

Orie


Yuzawa, 25 Desemba 2023

Mwanangu Orie,

Barua yako ililetwa na mtu wa posta aliyeteleza mbele ya lango, lakini hakuumia. Theluji imefika usawa wa dirisha. Paa ameliparua Genzo, mimi nilishika ngazi tu, usianze kunifokea.

Umeniuliza nilifanya nini. Miaka yote hii umeniuliza baba alivaa nini, alisema nini, alikalia kiti gani, kofia yake ilikuwa rangi gani. Ulikuwa unakuja na daftari, unauliza, nakujibu. Habari zangu mimi hukuwahi kuziuliza. Basi leo umeuliza, nakujibu.

Basi lilipoondoka nilikushika mkono ukaunyofoa. Tukarudi nyumbani umenitangulia. Ukajifunika kwenye meza ya blanketi, ile yenye moto chini, ukalipa dirisha mgongo, ukaanza kuchora nyuma ya karatasi ya kalenda. Mimi nikaenda jikoni kuosha figili. Ilipita nusu saa, labda na zaidi. Nikasikia mabuti nje. Nikafungua mlango wa nyuma, nikamkuta baba yako amesimama, theluji imempanda mpaka magotini, mfuko begani. Alikuwa ameshuka kituo cha pili, pale kwenye ghala la mpunga, akarudi kwa miguu.

Nikamwambia, "Umesahau nini?"

Akasema, "Sijasahau kitu."

Akazunguka nyumba mpaka dirishani. Akakutazama. Ulikuwa umeinama unachora, na bila shaka ulimi umeutoa pembeni kama unavyofanya mpaka leo. Alisimama pale muda wa birika kuchemka. Nilikwenda nikamvuta mkono wa koti, nikamwambia, "Ingia basi, mguse kichwa tu, utoke."

Akasema, "Fusae, nikiingia sitatoka. Na kule jina langu limeshaandikwa." Halafu akasema, "Usimwambie nilirudi. Akijua nimerudi mara moja, atanisubiri kila basi."

Nikamwahidi. Akanigusa bega, akaondoka kuwahi basi la saa tisa. Mimi nikarudi kwenye figili zangu. Hicho ndicho nilichofanya.

Alipokufa nilitaka kukwambia siku ile ile ya maziko. Lakini ahadi ya mtu aliye hai ukiivunja utamwomba radhi. Ya maiti ukiivunja utamwomba nani? Nikasema nitasubiri ukue. Ukakua, ukaandika kitabu, ukapewa tuzo kwa sababu baba hakugeuka. Nilikisoma. Kilikuwa kizuri na hakikuwa kweli. Ningesema nini? Nikasema karatasi nzuri. Na karatasi ilikuwa nzuri kweli.

Tomoka nilimwambia kwa sababu aliniuliza, na yeye sikuwa nimemwahidi mtu kumficha. Alinisikiliza bila daftari. Baba yako sasa nimemvunjia ahadi yake. Asubuhi nilipomwekea wali kwenye madhabahu yetu ya nyumbani, mbele ya picha yake, nimemwambia, asipopenda aje aseme.

Sasa kuna jingine, nalisema kwa sababu nina miaka sabini na nne na haya zimeniisha. Katika kitabu chako nimetokea mara kumi na moja. Nilihesabu. Mara sita mgongo, mara tatu mikono, mara mbili nimebeba ndoo na kilemba kimenifunika uso. Baba yako kila mwaka alikuwa nje miezi mitano, na akafa ukiwa na miaka tisa. Huyo ukamchorea mpaka vinyweleo vya shingo. Mimi niliyekufulia, nikakulisha, nikakuuzia shamba la juu ukasome kuchora, nimekuwa mwanamke mwenye ndoo. Nimemwonea wivu marehemu, mwanangu. Ni aibu kumwonea wivu mtu unayempa wali kila asubuhi, lakini nimemwonea.

Na mimi sikulia kwa ajili ya kukumbatiana. Kule kukumbatiana ni upuuzi, baba yako hakumkumbatia mtu hata siku ya harusi. Nililia kwa sababu wao wakishikana pale mbele, nyuma yao mama amesimama kando ya kibao cha kituo, na Tomoka amempa uso. Macho, mdomo, hata hili doa chini ya jicho. Anawatazama wenzake kama mtu anayejua jambo na hawezi kulisema.

Nimekutumia figili. Kata nyembamba.

Mama


Sendai, 6 Januari 2024

Tomoka,

Ameniandikia. Unajua alichoniandikia, ulikijua kabla yangu.

Nimeitazama sehemu yako kwa mara ya nne. Mama yupo. Amesimama kando ya kibao, sekunde sita nzima, na mara zote tatu mimi sikumwona. Nilikuwa namtazama baba. Nimekaa mbele ya televisheni nikaona haya mbele ya chombo cha umeme.

Lakini usidhani nimekuja kukupigia magoti. Miezi karibu ishirini umetembea na baba yangu mfukoni. Ulikuwa unakula, unapanda treni, unaagiza kahawa, na unajua kwamba alirudi. Mimi nilikuwa nachora juzuu ya tisa, naendelea kumchora kisogo, na wewe ulikuwa umeshapewa uso wake. Siku nyingine namchukia baba mwenyewe kwa kurudi halafu akaonekana na kila mtu isipokuwa mimi.

Nijibu hili. Uliujua ukweli. Ukweli ule ni mzuri kuliko changu na kuliko chako. Kwa nini basi ukachora kukumbatiana?

Orie


Tokyo, 12 Januari 2024

Orie,

Niliuchora. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi kumi na mbili. Niliporudi Tokyo baada ya safari ya kwanza nilijifungia wiki mbili nikachora kama mama alivyosimulia: mabuti, mlango wa nyuma, mwanamume dirishani, mgongo wa mtoto. Ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuchora. Nikakitia kwenye droo.

Nina sababu mbili. Ya kwanza unaweza kuisoma mbele za watu. Nisingeweza kukuacha ujue kwamba baba yako alirudi kwa kuona kwenye televisheni, kati ya tangazo la dawa ya meno na tangazo la bima. Na nilikuwa nimemwahidi mama. Lakini mimi kumwacha yule baba aondoke bila kugeuka, wakati najua aligeuka, mkono ulikataa. Kwa hiyo nikatafuta uongo usiofanana na ukweli hata kidogo, ili usije ukashtuka ukauliza. Na uso wa mama nikauweka kwa sababu nilikuwa nimekula kwake.

Ya pili sijamwambia mtu. Mama aliponisimulia, kabla ya huruma na kabla ya machozi, nilifurahi. Nilifurahi kwamba kuna kitu cha baba yako ninacho mimi na wewe huna. Tangu tuna miaka kumi na tisa nimekaa karibu na wewe kama mtu anayekaa karibu na jiko la mwenzake: nilipata joto, lakini moto haukuwa wangu. Watu wakinijua ni "yule rafiki yake Orie Kamada". Nikasema, safari hii watalilia changu. Nilijua kukumbatiana kutawaliza, mimi hii ndiyo kazi yangu, najua mtu anabonyezwa wapi. Nikabonyeza. Na nilipoambiwa mama yako amelia, nilicheza peke yangu humu ndani, na soksi.

Sijui ni sababu ipi iliyoshika kalamu. Nimejiuliza sana. Nadhani zilishika zote mbili.

Karatasi hizi ni zako. Zichome, zichapishe, zifungie samaki. Sikuacha nakala.

Tomoka


Yuzawa, 28 Januari 2024

Tomoka,

Niko nyumbani tangu tarehe kumi na saba. Nilimwambia mhariri wangu naumwa. Aliuliza ninaumwa nini, nikamwambia nikijua nitampigia.

Karatasi zako nilizifungua nikiwa na mama. Nilitaka kuzifungua peke yangu, lakini akaniwahi, akavaa miwani, akazipanga sakafuni moja moja kama mtu anayeanika mwani. Akasema, "Theluji haikuwa inaanguka, ilikuwa imekatika. Na mfuko ulikuwa bega la kushoto." Halafu akaishika ile ya saba, ya baba ameweka kiganja karibu na kioo bila kukigusa. Aliishika muda mrefu. Akasema, "Hivi ndivyo."

Mimi nilitoka nje nikaparua theluji ambayo Genzo alikwisha kuiparua.

Nakwambia ukweli kwa kuwa na wewe umeniambia. Ule mchoro wa saba ni bora kuliko chochote nilichochora mimi. Nimeutafutia kasoro siku tatu. Nilipima mpaka vidole kwa rula. Hauna. Sasa na mimi najua ile homa yako ya miezi saba ilikuwa ni nini, na naona aibu kwamba niliipikia uji.

Mhariri ananitaka toleo jipya, niongeze kurasa mbili za kukumbatiana kwa sababu wasomaji wanazidai. Nimekataa. Kurasa nane zitabaki kama zilivyo. Ndicho alichokiona mtoto wa miaka tisa pale kituoni, na mtoto yule hakusema uongo, aliondoka mapema tu. Nimemwambia nitafanya kitabu kingine, kinaanzia jikoni, na mwanamke anaosha figili.

Nilipomwambia mama alijifuta mikono kwanza. Kisha akaweka masharti. "Usinipendezeshe. Na usiniweke nikilia, sikulia siku ile, maji yalikuwa baridi mno." Akakaa mbele yangu, akafungua kilemba, akatulia kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

Siku tisa nimechora, Tomoka. Jana nikamwonyesha. Ameitazama akasema, "Huyu ni shangazi yako." Nikachora nyingine. "Huyu ni mimi, lakini nimekufa." Nikatupa penseli. Akasema, bila huruma yoyote, "Tomoka alinipata kwa siku moja, na alikuwa anatafuna."

Nimeumia. Nimeumia kuliko siku ya binti wa duka la vitabu. Huyu nimemtazama miaka arobaini na saba, nimetoka tumboni mwake, na mkono wangu haumjui. Baba ningekuchorea gizani.

Kwa hiyo nakuuliza, na neno hili limenigharimu kuliko yote niliyokuandikia tangu Desemba. Ulianza wapi? Ulianza na macho au na mdomo? Ule mdomo wake, unapotaka kusema halafu unaghairi, uliushikaje?

Nilipofika hapo mama amekuja na chai, akasoma begani kwangu, hana adabu ya barua za watu. Anasema niache kuuliza maswali ya posta, uje mwenyewe. Nimemwambia godoro la wageni ni moja. Anasema tutalala wawili kama zamani, na tukigombana tugombane upande wa sikio lake bovu.

Basi njoo. Treni ya Jumamosi inafika saa sita, nitakupokea. Bado nakuonea wivu, hilo lijue kabla hujapanda. Utakaa hapa mezani kwetu, utanionyesha jinsi ya kushika ule mdomo, kisha utaweka penseli chini ukunje mikono. Nikikuona unamchora mama yangu kabla sijamaliza mimi, nitakufungia nje kwenye theluji, na nitakutazama dirishani nikinywa chai.

Orie